Daftari la Fundi: Kununua Magari ya Kale ya Kiitaliano Mnadani

Hotuba kwa mafundi, madereva na wapenda magari, Nakuru

Wazee wetu, akina mama, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, hamjambo.

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya magari ya michezo ya Kiitaliano. Hayo ni mapana kama Bonde la Ufa. Nimemwomba anikubalie nibaki kwenye mnada tu, kwa sababu mnadani ndipo magari haya hubadilisha mikono siku hizi, na mnadani ndipo nami nilipopotezea fedha na kupata elimu kwa siku moja.

Ilikuwa mwaka 1997. Nilikuwa na miaka kumi na miwili katika kazi ya gereji. Mali ya marehemu mmoja ikapigwa mnada hapa hapa mjini, nami nikaenda kutafuta pampu ya maji. Kati ya makabati, pampu na trela la trekta, nikaliona limeketi chini, magurudumu yote manne hayana upepo: Alfa Romeo GT 1300 Junior, jekundu, usukani kulia. Lile umbo lililochorwa na kijana Giorgetto Giugiaro alipokuwa akifanya kazi kwa Bertone, kampuni ya Kiitaliano ya kuchora magari, lenye ukingo mdogo ulioinuka pale mbele ambapo boneti hukutana na pua. Nilikuwa nimeliona gari la aina hiyo nikiwa mtoto, likipita barabara kuu kuelekea Eldoret, na mlio wake haukuwa umenitoka masikioni.

Sikulilalia chini nilitazame, wala sikuomba logbuku niisome. Dalali alipoanza kunadi niliinua mkono, na kila mzee mmoja aliyesimama karibu na mti alipopandisha dau, nami nikapandisha. Zile zilikuwa fedha nilizoweka kwa ajili ya kiwanja kule Njoro. Mama watoto alikuwa anajua kila shilingi yake.

Nyundo ikagonga. Hapo nataka vijana mnisikilize. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mauzo ya mnada yanakamilika nyundo inapoanguka, au dalali anapotangaza kwa njia nyingine iliyozoeleka. Kabla ya hapo unaweza kuliondoa dau lako na hakuna wa kukushika shati. Nyundo ikishagonga, gari ni lako na kutu yake, na deni ni lako pia.

Nililivuta kwa kamba hadi gereji. Jioni hiyo nikafungua boneti, nikapangusa mafuta kwenye bloku, nikasoma. Logbuku ilisema nambari ya injini inaanza na AR00530. Chuma kilisema AR00526.

Mafundi mmeshaelewa, naona mnatikisa vichwa. Kwa wengine nieleze. Alfa Romeo wa miaka ile walikuwa wakitia aina ya injini mwanzoni mwa nambari. 00530 ndiyo injini ya GT 1300 Junior, yenye sentimita za ujazo 1,290. 00526 ni ya Giulia Super, ile ya milango minne, yenye 1,570. Zote ni za ukoo mmoja, aluminiamu tupu, kemshafti (vyuma vya kufungulia valvu) mbili juu, na moja inakaa mahali pa nyingine bila matata makubwa. Kwa hiyo gari langu lilikuwa na nguvu zaidi ya lilivyozaliwa. Lakini pia lilikuwa na nambari mbili zisizojuana, na katika nchi hii gari la namna hiyo halina mtetezi. Je, injini iliibwa? Je, bodi ndiyo iliyoibwa ikavishwa logbuku ya gari lililokufa? Nilipojaribu kuliuza ili nirudishe fedha za kiwanja, watu walisoma karatasi, wakasoma bloku, wakaaga kwa adabu.

Lilikaa chini ya turubali karibu miaka miwili.

Aliyeliokoa ni fundi mmoja mzee wa mtaa wa Bondeni hapa mjini ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu. Nilimwendea kwa shughuli nyingine kabisa. Tukawa tunaongea, nikamtajia nambari ya usajili ya ile Alfa, akanyamaza kidogo. Akamwita binti yake, akaleta boksi la madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha jalada la nyuma. Kila gari lililoingia gerejini kwake tangu miaka ya sabini lilikuwa limeandikwa mle. Tukapekua mpaka chai ikapoa. Mwaka 1979, kwa kalamu ya buluu: nambari ya gari, krankshafti imevunjika, injini imetolewa, imewekwa nyingine kutoka Giulia iliyogongwa, nambari ya injini mpya kamili kama ilivyo kwenye bloku, na sahihi ya mwenye gari. Mistari minne.

Ndugu zangu, nililia pale mkekani, na sioni haya kusema. Mistari minne ya mtu aliyeishia darasa la saba ndiyo iliyolirudishia gari lile jina lake.

Nikaandika barua Italia. Alfa Romeo wana kituo cha kumbukumbu Arese, karibu na Milano, ambacho ukiwapa nambari ya chesisi wanakuandikia gari lilitoka kiwandani lini, lilikuwa na rangi gani na lilipelekwa wapi. Jibu lilipofika likasema gari langu lilizaliwa jeupe. Nikakwangua rangi ndani ya buti, chini ya mkeka wa gurudumu la akiba, nikalikuta lile jeupe likinisubiri.

Tangu siku hiyo nimetazama minada ya dunia kwa jicho lingine, na ninachokiona huko ni kile kile nilichokiona Bondeni. Mwezi wa Novemba 2023, kampuni ya mnada ya RM Sotheby's iliuza jijini New York Ferrari ya mwaka 1962, chesisi nambari 3765, kwa dola milioni 51.7. Ilikuwa Ferrari ya bei kubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa mnada hadi siku hiyo. Sasa sikieni historia yake. Gari lile lilizaliwa na injini ya lita 4. Kiwanda chenyewe kililipeleka mashindanoni: mbio za Nürburgring lilimaliza la pili na kushinda daraja lake, mbio za Le Mans halikumaliza. Baadaye likabadilishwa na kupewa injini ya lita 3 kama ndugu zake wa 250 GTO, yale magari ya mashindano ya Ferrari. Injini ilibadilishwa! Mbona basi wanunuzi hawakukimbia kama walivyonikimbia mimi? Kwa sababu kila badiliko liliandikwa: nani alilifanya, lini, na lilitoka hali gani kwenda hali gani. Mnunuzi hakuachiwa nafasi ya kubahatisha.

Na kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi, maana hauhusu mng'aro hata kidogo. Februari 2015, mjini Paris, kampuni ya Artcurial ilinadi magari ya familia ya Baillon, yaliyokutwa kwenye mabanda magharibi mwa Ufaransa baada ya kukaa humo miongo kadhaa. Mojawapo lilikuwa Ferrari 250 GT California Spider ya mwaka 1961, iliyowahi kumilikiwa na mwigizaji Alain Delon. Ilikuwa imefunikwa na marundo ya magazeti ya zamani. Waliiuza hivyo hivyo na vumbi lake, kwa zaidi ya euro milioni 16. Fundi wa kawaida angeiosha, akaikwangua, akaipaka rangi mpya ili ipendeze siku ya mnada, na angekuwa amefuta ushahidi wote kwamba hakuna aliyewahi kuigusa.

Hapa ndipo penye uchungu wangu na kazi yetu. Sisi tunapenda kufuta. Gari likija tunasaga rangi ya mwanzo, tunang'oa bamba la aluminiamu lenye nambari ili tupake vizuri, halafu tunalirudisha kwa ribiti nyingine, au haturudishi kabisa. Tunatupa vipande vya zamani kwa wauza chuma chakavu. Risiti tunawashia jiko. Hatufanyi kwa ubaya, lakini kwa gari la aina hii ni sawa na kuchoma hati ya shamba la mtu.

Mwenye hila anajua thamani ya karatasi kuliko sisi. Kati ya mwaka 1960 na 1963 Ferrari walitengeneza 250 GTE, gari la viti vinne, zuri, la heshima, la mtu na familia yake. Injini yake ni ya lita 3, silinda kumi na mbili, ya ukoo ule ule wa 250 GTO. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na nyuma ni milimita 2,600. Wa GTO ni 2,400. Mnaona hesabu inakoelekea. Magari mengi ya GTE yalikatwa chesisi, yakafupishwa, yakavishwa bodi iliyogongwagongwa kuiga GTO. Wengine waliyauza kwa ukweli, kama nakala. Wengine hawakusema. Na ukishuka bei, jambo ni lile lile: Alfa GTA, ile iliyopunguzwa uzito kwa bodi ya aluminiamu, imeigwa kwa kuvisha GT ya kawaida beji na kibati cha pembetatu chenye jani la kijani. Basi chukua sumaku ndogo mfukoni. Sumaku hainasi kwenye aluminiamu. Kwenye bodi ya chuma nayo, pale isiponasa, chini ya rangi kuna fila, ile lipu ya kuzibia mashimo.

Sumaku hiyo inanipeleka kwenye kutu, na hapa naomba mnivumilie, ni eneo langu. Magari ya Kiitaliano ya miaka ya sitini na sabini yanaoza kutoka ndani kuja nje. Usipumbazwe na milango inayong'aa. Lala chini. Kwenye Alfa kama yangu, gusa kingo za chini ya milango kwa bisibisi, sehemu ya kuwekea jeki, na sakafu chini ya miguu ya dereva, maana maji huingia kwa mbele chini ya kioo na hayapati pa kutokea. Kwenye Fiat 124 Spider, fungua boneti uangalie pale shokabzoba za mbele zinaposhikilia bodi. Pakiwa pameoza, gari hilo linakufa hata likiwa na injini ya jana. Gari lililokaa Nakuru au Molo maisha yake yote huwa na nafuu kuliko lililozeekea Mombasa kwenye chumvi, na Kisumu, kwa unyevu wake, iko katikati. Kwa hiyo uliza lilikaa wapi, si lilitembea kilomita ngapi. Mita ya kilomita ni rahisi kurudisha nyuma. Sakafu iliyooza hairudi.

Kisha mashine. Alfa ya aina hii ikiwa baridi, gia ya pili hukwaruza kwa sababu sinkronaiza yake, kifaa cha kulainisha ubadilishaji wa gia, ni dhaifu tangu kiwandani. Mwenye gari mwungwana hukuambia usiipeleke pili mpaka mafuta ya giaboksi yapate joto. Gasketi ya hedi nayo huanza kuvuja: tazama mafuta kama yana rangi ya chai ya maziwa. Kwenye Ferrari za miaka ya sabini na themanini zenye taimingi belti, kama 308 na Testarossa, belti hiyo hubadilishwa kwa miaka, hata kama gari halikutembea. Kwenye Testarossa kazi hiyo hutoa injini nje ya gari. Kwa hiyo mtu akikuambia "limetembea kidogo sana, lilikuwa limehifadhiwa", muulize risiti ya belti ni ya mwaka gani. Kuhifadhiwa si matunzo. Mpira unakauka, breki zinashika, petroli inageuka gundi kwenye kabureta.

Juu ya mnada wenyewe nitasema haraka, kwa sababu ukishafanya kazi hii ya chini ya gari na ya karatasi, mnada ni dakika mbili tu. Soma katalogi kama wakili. "Injini ya aina sahihi" si sawa na "injini yake ya mwanzo". "Inasemekana liliendeshwa na fulani" maana yake hakuna karatasi. Muuzaji mara nyingi amekubaliana na dalali juu ya bei ya chini ambayo haitangazwi, na katika minada mingi dalali ana ruhusa kuweka madau kwa niaba ya muuzaji mpaka bei hiyo ikaribie. Kwa hiyo yale madau ya mwanzo unayoyasikia yakitoka nyuma ya ukumbi, huenda nyuma hakuna mtu. Juu ya dau lako kuna ada ya mnunuzi. Nyumba nyingi kubwa hutoza asilimia 10 au 12, nyingine zaidi. Ukisimama kwenye dola 10,000 na ada ni asilimia 12, unadaiwa 11,200 kabla hujalipia lori, meli na ushuru. Andika bei yako ya mwisho nyumbani, pamoja na ada hizo zote, umpe mtu unayemheshimu aishike. Mimi siku hizi namwachia mama watoto. Ameketi pale mstari wa pili, na hajawahi kuniruhusu nipite.

Na vijana wanaonitumia picha za simu usiku, Lancia fulani huko Italia, Alfa fulani huko Uholanzi, "mzee, tuilete?" Nawapenda kwa hamu hiyo, lakini lazima niseme. Kiwango cha Kenya KS 1515 hakiruhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia, isipokuwa kwa magari ya kazi maalumu kama ambulansi. Usitume hata senti kabla hujapata jibu la maandishi kutoka kwa watu wa viwango na wa forodha. Gari likinaswa bandarini linalipiwa kila siku linapolala.

Pia msinunue kwa kudhani bei hupanda tu. Enzo Ferrari alipofariki Agosti 1988, watu walikimbilia magari yake kama dhahabu, na mwanzoni mwa miaka ya tisini bei zikaporomoka, na waliokopa wakabaki na madeni makubwa kuliko magari. Nunua gari ambalo likipoteza nusu ya thamani bado utalifungulia mlango asubuhi kwa furaha.

Lakini yapo yaliyo tayari hapa nyumbani. Nchi hii ina damu ya magari hayo. Lancia Delta Integrale ilishinda Safari Rally mwaka 1988 na 1989 mikononi mwa Miki Biasion, na 1991 ikashinda na Juha Kankkunen. Wengi wenu humu mlisimama kando ya barabara kwa vumbi hilo. Maonyesho ya magari maridadi yanayofanyika Nairobi, Africa Concours d'Elegance, yalianzishwa mwaka 1970 na chama cha wenye Alfa Romeo na bado wao ndio wanaoyaandaa. Na kwenye mashamba ya Molo, Njoro na Rongai, mimi mwenyewe nimeonyeshwa Fiat na Alfa zikiwa nyuma ya ghala la mahindi, kuku wakitagia kwenye viti. Siku mwenye shamba akifariki, dalali atakuja na nyundo, na hakuna atakayejua kile kinachouzwa ni kitu gani.

Ninachowaomba mafundi ni hiki, na ni kwa ajili yake nilikubali kuja. Kesho asubuhi nunueni daftari. Kila gari linaloingia, la Kiitaliano au Probox, liandike: tarehe, nambari ya chesisi, nambari ya injini, kilichotolewa, kilichowekwa, kilikotoka, na mwenyewe atie sahihi. Piga picha kwa simu kabla hujagusa rangi. Kipande ulichokitoa mpe mwenye gari kwenye gunia, usikitupe. Na ukiwa na madaftari ya baba yako au ya mwalimu wako wa kazi, usiyauzie watu wa kufungia njugu. Nileteeni. Nimeanza kuyakusanya, nayanakili usiku, na mpaka sasa ninayo ya gereji nne za mji huu.

Yule mzee wa Bondeni ameshatangulia mbele ya haki. Binti yake alinikabidhi lile la mwaka 1979, na ndilo hili hapa mezani, ndani ya nailoni. Mnaweza kulifungua kwa mikono safi. Ukurasa nimeuwekea uzi mweupe.

Alfa yenyewe nimeileta, iko nje chini ya mjakaranda, imerudishiwa rangi yake nyeupe. Boneti haijafungwa kwa ufunguo. Vijana, mmoja wenu achukue tochi hii, mwingine achukue daftari, mkapanguse mafuta upande wa manifoldi ya kuingiza hewa, msomeane nambari kwa sauti mmoja mmoja. Sisi wazee tunakuja nyuma yenu polepole.